Vijiji vya Duara vya Wendland: Vilivyojengwa na Vinavyoharibika

Ndugu wasikilizaji, mabibi na mabwana, asanteni kwa kufika.

Wilaya ninayotaka tuizungumzie leo haina barabara kuu ya magari ya kasi hata kilomita moja. Ni Lüchow-Dannenberg, pembe ya kaskazini-mashariki ya jimbo la Niedersachsen, kando ya mto Elbe. Ukubwa wake ni kama kilomita za mraba 1,220, na wakazi hawafiki 50,000. Hakuna wilaya nyingine ya Ujerumani yenye watu wachache hivyo. Ina miji mitano, nayo ni Lüchow, Dannenberg, Hitzacker, Wustrow na Schnackenburg, na yote ni midogo. Wenyeji wenyewe hawaiiti kwa jina lake la kiserikali. Wanasema Wendland, yaani nchi ya Wawendi, jina ambalo Wajerumani waliwapa majirani zao Waslavi, jamii ya watu wa Ulaya Mashariki.

Hazina ya wilaya hii ni vijiji vya duara, ambavyo Wajerumani huviita Rundlinge. Nitavieleza kwa kirefu. Kabla sijaanza, nieleze kwa nini ninajali: vijiji hivi havikubomolewa na vita, wala havikuliwa na miji mikubwa. Vinaharibiwa leo na watu wanaovipenda, wenye fedha mkononi, wanaovitengeneza kwa vifaa visivyovifaa. Jambo hilo linaweza kuzuilika, ndiyo maana linaumiza.

Tuanze na umbo. Kijiji cha duara kina uwanja katikati, na nyumba zimeuzunguka, kila moja ikielekeza uso wake uwanjani. Njia ya kuingia kwa asili ni moja tu, na ndiyo ya kutokea. Kila kiwanja ni kama kipande cha chapati iliyokatwa kutoka katikati: chembamba upande wa uwanja, kipana upande wa nyuma. Nyuma ya nyumba hufuata bustani, kisha mialoni, kisha malisho au mashamba. Mialoni ile haikupandwa kwa ajili ya kivuli peke yake. Ilikuwa akiba ya boriti za nyumba ijayo, na matunda yake yalikuwa chakula cha nguruwe. Kanisa hulikuti katikati. Pale lilipo, limewekwa pembeni au nje kabisa, kwa sababu vijiji vingi vilikwisha kupangwa kabla kanisa halijajengwa.

Mara nyingi watu husema umbo hili lilikuwa ngome dhidi ya maadui na mbwamwitu, au kwamba ni desturi ya kale ya Waslavi. Maelezo yanayokubalika zaidi sasa ni mengine. Vijiji hivi vilipangwa katika karne ya 12, wakati mabwana wa Kijerumani walipokuwa wakitanua mamlaka yao kuelekea mashariki na kuwapa wakulima wa Kislavi ardhi ya kulima. Duara lilikuwa njia ya kugawa: kila kaya ipate uso wake uwanjani na mlango wake wa kutokea kwenye ardhi yake. Mkuu wa kijiji mara nyingi alipewa kiwanja kikubwa zaidi, mkabala na njia ya kuingilia, ili kila anayeingia amwone na aonekane. Mahali pa kijiji napo palichaguliwa kwa makini, pale ardhi kavu ya kulima inapokutana na bonde lenye maji. Ng'ombe walishuka upande mmoja, jembe likapanda upande mwingine. Ukiangalia ramani ya vilima vya Drawehn na mabonde yaliyo chini yake, utaviona vijiji vimejipanga kwenye ukingo huo kama shanga.

Majina ya vijiji hivyo si ya Kijerumani. Satemin, Güstritz, Dolgow, Klennow, Lübeln: miisho ya -itz, -ow na -in ni ya Kislavi. Lugha yenyewe wataalamu huiita Kipolabi, maana yake lugha ya kando ya Labe, jina la Kislavi la Elbe. Wenyeji waliita Kiwendi. Kilisemwa hapa karne nyingi baada ya kunyamaza katika nchi jirani, na tunajua kwa undani unaotisha jinsi kilivyokufa.

Mchungaji wa Wustrow, Christian Hennig von Jessen, alianza kukusanya maneno ya Kiwendi mwishoni mwa karne ya 17. Mswada wake wa kwanza uliteketea mji wa Wustrow ulipoungua mwaka 1691. Akaanza upya, akisaidiwa na mkulima wa Klennow aliyeitwa Johann Janieschge. Hennig aliandika kwamba wazee wachache waliobaki hawathubutu kusema Kiwendi mbele ya watoto wao kwa sababu watachekwa. Hapo ndipo lugha ilipokatikia, jikoni, kati ya mzazi na mwana. Kisha kuna Johann Parum Schultze, mkulima wa kijiji cha Süthen, aliyeandika kumbukumbu zake mnamo mwaka 1725. Alisema ana miaka 47, na kwamba yeye na watu wengine watatu wa kijijini kwake wakishaondoka, hapatakuwa na mtu atakayejua sawasawa mbwa huitwaje kwa Kiwendi. Kitabu cha kanisa la Wustrow kinataja kifo cha mjane Emerentz Schultze wa Dolgow mwaka 1756, akiwa na miaka 88, kuwa ndiye wa mwisho aliyeweza kusema na kuimba Kiwendi kikamilifu.

Kwa hiyo maneno yameondoka na nyumba zimebaki. Twende kwenye nyumba.

Nyumba ya mkulima wa Wendland ni jengo moja lililobeba kila kitu: watu, ng'ombe, farasi, nyasi na nafaka. Fremu yake ni ya mwaloni. Uso wa mbele una mlango mkubwa wa kupitisha mkokoteni uliosheheni mavuno. Ukiingia uko kwenye ukumbi mrefu, uitwao Diele, wenye sakafu ya udongo ulioshindiliwa. Hapo nafaka ilipurwa wakati wa baridi. Kulia na kushoto walisimama ng'ombe, vichwa vyao vikielekea ukumbini ili walishwe kutoka hapo. Juu ya boriti za ukumbi ndiko mavuno yalikowekwa, chini ya paa. Mwisho wa ukumbi kulikuwa na jiko la moto wa wazi, na nyuma yake vyumba vya kulala.

Zamani hapakuwa na dohani. Moshi ulipanda, ukazunguka kati ya nafaka, ukapenya katika paa la majani. Msidhani huo ulikuwa uzembe. Moshi ulikausha nafaka, ulihifadhi mapaja ya nguruwe yaliyotundikwa juu ya meko, na uliwafukuza wadudu wanaobungua mbao. Dohani zilipoingia, mapafu ya akina mama yalipona, na mbao zikapoteza mlinzi wake. Anayetunza nyumba ya aina hii leo lazima alijue hilo: darini hakuna tena moshi, kwa hiyo lazima pawe na hewa inayopita.

Kuna aina tatu za fremu, na kuzitofautisha ni rahisi ukishajua pa kutazama. Ya kwanza ina safu mbili za nguzo, moja kila upande wa ukumbi. Nguzo hizo ndizo zinazobeba paa lote, na pande za nje ni vibanda vya chini vilivyoegemezwa. Ubora wake ni kwamba ukuta wa nje ukioza unaweza kuubadilisha wote na paa lisitikisike. Ya pili ina safu nne, zote za urefu mmoja, na paa linafika hadi kuta za nje. Inameza mavuno mengi zaidi na inaruhusu vyumba vya ghorofa mbili, ila ukuta wa nje sasa umebeba mzigo, na ukioza nyumba nzima inainama. Ya tatu ina safu tatu, upande mmoja mrefu na mwingine mfupi, kwa hiyo uso wake haulingani kushoto na kulia. Ukikuta nyumba iliyopinda namna hiyo Wendland, usiseme fundi alikosea.

Nyumba nyingi zinazosimama leo ni za karne ya 18 na ya 19. Fedha za kuzijenga zilitoka kwenye kitani. Wakulima walilima kitani, familia ikasokota na kufuma wakati wa baridi, na vitambaa vikauzwa kupitia Lüchow. Hapo ndipo nyuso za nyumba zilipojazwa mbao kupita mahitaji ya ujenzi, vijisanduku juu ya vijisanduku, ili jirani aliye mkabala aone. Kumbukeni kwamba katika kijiji cha duara kila nyumba inatazamwa na zote. Kileleni mwa paa huchomoza kijiti cha mbao kilichochongwa, kiitwacho Wendenknüppel, ambapo sehemu nyingine za Niedersachsen huweka vichwa viwili vya farasi. Na juu ya mlango mkubwa kuna boriti ya maandishi: jina la mume, jina la mke pamoja na ukoo wake wa kuzaliwa, tarehe ambayo fremu ilisimamishwa, mara nyingi jina la seremala, na mstari wa Biblia au wa wimbo wa kanisani.

Baadaye pamba na mashine za mvuke ziliua biashara ya kitani. Umaskini ukaingia, na umaskini huo ndio uliohifadhi vijiji. Mtu asiye na fedha habomoi nyumba ya baba yake ili ajenge ya mtindo mpya. Mwaka 1945 daraja la reli la Dömitz, lililovuka Elbe, lilipigwa mabomu, na hadi leo matao yake ya upande wa magharibi yamesimama malishoni bila mto wa kuvuka. Mpaka wa Ujerumani Mashariki ukaizunguka wilaya pande tatu: kaskazini, mashariki na kusini. Viwanda havikuja, vijana wakaondoka.

Hapa naomba niongeze neno moja kwa wenzetu wa Tanzania. Ng'ambo ya Elbe, kaskazini ya Hitzacker, kuna mji mdogo wa Neuhaus. Hauko katika wilaya hii, uko wilaya jirani ya Lüneburg. Ndiko alikozaliwa Carl Peters mwaka 1856, mtoto wa mchungaji, yule aliyekwenda Usagara, Useguha, Nguru na Ukami mwaka 1884 na karatasi za mikataba. Anayetembelea eneo hili ajue kwamba historia yetu nayo inapita kwenye kingo hizi.

Tarehe 22 Februari 1977 serikali ya Niedersachsen ilitangaza kwamba mabaki ya nyuklia ya Ujerumani yatazikwa kwenye mwamba wa chumvi wa Gorleben, ndani ya wilaya hii. Wakulima walipeleka matrekta yao hadi Hannover mwaka 1979. Mwaka 1980 waandamanaji walijenga kijiji cha vibanda msituni, mahali palipopangwa kuchimbwa, na polisi wakakibomoa baada ya mwezi mmoja. Mvutano uliendelea miaka 40. Mwezi Septemba 2020 Gorleben iliondolewa kwenye orodha ya maeneo ya kuchunguzwa, kwa sababu za kijiolojia, ingawa makontena 113 yaliyoletwa kwa reli na barabara bado yamo ghalani juu ya ardhi. Nalitaja kwa sababu linahusu nyumba hizi za vijijini moja kwa moja. Mapambano yale yaliwaleta Wendland mafundi, wachoraji na walimu kutoka Hamburg na Berlin, na wengi walibaki. Walinunua nyumba za wakulima zilizokuwa tupu kwa bei ndogo na kuzitengeneza kwa mikono yao. Tangu mwaka 1989, kati ya Sikukuu ya Kupaa Bwana na Pentekoste, hufungua milango mikubwa na kuonyesha kazi zao vijijini. Nyumba nyingi zisingekuwapo leo bila wao.

Sasa nifike kwenye ubovu, na namna ya kuutibu.

Adui ni maji yanayoingia na kukosa njia ya kutoka. Mwaloni ukikaa na unyevu wa zaidi ya asilimia 20 kwa muda mrefu, huo ni mwanzo wa kuoza. Mahali pa kwanza kuoza ni boriti ya chini, ile inayolala juu ya msingi wa mawe makubwa ambayo barafu ya kale iliyaacha mashambani. Sababu huwa ya kawaida mno: ardhi imepanda. Miaka 150 ya samadi, majani na kokoto imeinua uwanja hadi boriti ikawa karibu kuguswa na udongo. Mvua ikidondoka kutoka kwenye paa inaruka na kuilowesha. Kwa hiyo kazi ya kwanza haihitaji seremala, inahitaji koleo. Chimba mpaka kuwe na sentimita 30 kati ya ardhi na chini ya boriti, teremsha ardhi itoke nyumbani, weka changarawe chini ya matone ya paa.

Kama boriti imekwisha kuoza, fremu hutegemezwa kwa jeki na magogo, nguzo kwa nguzo, na kuinuliwa kwa milimita chache tu, inayotosha kuondoa uzito. Ukiinua zaidi, viungo vya juu vinachomoka na lipu ya ndani inapasuka. Miguu ya nguzo iliyooza hukatwa hadi kwenye mbao nzima, kisha kipande kipya cha mwaloni kinaunganishwa kwa kupishanisha nusu kwa nusu. Urefu wa kiungo uwe angalau mara mbili ya unene wa nguzo, na kifungwe kwa vijiti vya mwaloni, si kwa bolti pale zinapoweza kuepukwa. Makosa mawili hurudiwa sana hapa. Moja ni kumwaga zege mahali pa boriti na kuzamisha miguu ya nguzo ndani yake. Nguzo hiyo inanyonya maji kama utambi. La pili ni kutumia mwaloni mbichi karibu na wa miaka 200. Mbichi utasinyaa, na kiungo kilichokaza leo kitalegea.

Kabla ya kutoa boriti yoyote, tafuta alama za seremala. Fremu ilichongwa ikiwa imelala chini, na kila kiungo kilitiwa tarakimu za Kirumi kwa patasi ili ulimi urudi kwenye tundu lake. Piga picha, andika, hifadhi kipande. Ukitoa sampuli ya kuhesabu miaka ya mti, chagua mahali ambapo pete ya mwisho chini ya gome bado ipo. Bila pete hiyo utapata makadirio tu. Mwaloni ulikatwa wakati wa baridi na kuchongwa ukiwa mbichi, kwa hiyo mwaka wa kukatwa huwa karibu sana na mwaka wa kujenga.

Visanduku kati ya mbao zamani vilijazwa fito za mwaloni na udongo uliochanganywa na majani makavu, kazi ambayo wengi wenu mliwahi kuiona kwa babu zenu. Baadaye yakaja matofali. Vyote viwili vinafaa. Kisichofaa ni saruji. Fremu ya mbao hucheza kila msimu, kwa hiyo kati ya ubao na kijazo daima kuna ufa mwembamba, na mvua itaingia hata ufanyeje. Udongo na chokaa huyanyonya maji hayo na kuyarudisha hewani. Saruji huyafungia nyuma yake, na silikoni au povu la plastiki likisukumwa ufani huyafungia kabisa. Nje panang'aa, ndani ubao unakuwa unga. Rangi ya plastiki hufanya vivyo hivyo. Kwa mbao tumia rangi ya mafuta ya kitani, au usipake kitu.

Njia sahihi ni kupigilia ufito wa pembetatu katikati ya ubavu wa ubao, kuzunguka kisanduku chote, ili kijazo kishike na kisidondoke. Kisha lipu ya udongo ya sentimita 1 hadi 1.5, yenye majani yaliyokatwa sentimita 3 hadi 5, na juu yake chokaa cha milimita chache. Uso wa lipu uwe sawasawa na uso wa ubao. Ukichomoza hata kidogo, unakuwa rafu ya kukingia mvua. Kata mstari mwembamba kwa mwiko pale lipu inapokutana na mbao, ufa wa baadaye ufuate mstari huo. Udongo ujaribiwe kwanza: paka kiraka, ngoja kikauke. Kikipasuka, ongeza mchanga; kikimomonyoka kidoleni, mchanga umezidi. Chokaa kisipakwe chini ya nyuzi 5 za joto, na kazi ya nje iishe mapema kabla ya baridi kali, kwa kuwa chokaa kinahitaji wiki kadhaa kukomaa, kikinyunyiziwa maji siku za mwanzo.

Swali gumu zaidi bado ni ukumbi mkubwa. Ng'ombe hawapo. Mwenye nyumba anataka joto, na ukumbi ni kama ghala lililo wazi. Wengine huweka kioo nyuma ya mlango mkubwa, mbao za mlango zikabaki wazi nje kama mbawa. Hilo linakubalika, kwa kuwa mlango haujakatwa. Kugawa ukumbi kwa kuta za kudumu si shauri jema, maana nyumba inapoteza uti wake. Afadhali kujenga chumba chenye joto kwenye sehemu ya nyuma, palipokuwa vyumba tangu mwanzo, na kuuacha ukumbi ubaki baridi.

Anayetaka kujionea aanzie Lübeln, kwenye jumba la makumbusho la kijiji cha duara, kisha achukue baiskeli, kwani vijiji vinakaribiana na tambarare haichoshi. Vijiji 19 viliteuliwa kuwa kiini cha ombi la kuingia katika urithi wa dunia. Satemin ni kimojawapo. Kiliungua mwaka 1850, kikajengwa upya kwa haraka, na ndiyo maana nyumba zake zinafanana kama ndugu wa tumbo moja, karibu zote za safu nne. Simama katikati ya uwanja, geuka taratibu, na usome boriti za milango moja baada ya nyingine: mume, mke, mwezi, mwaka. Utasoma familia za kijiji kizima zikisimamisha fremu zao kwa wakati mmoja.